Kucheza Iko Kazi Gani? Njia ya Oti Mabuse kutoka Pretoria mpaka Televizyo

Ndugu msomaji, jioni ikifika hapa Kindu, pahali penye jenereta na televizyo moja, watoto wa kiwanja kizima wanakusanyika. Wazee wanataka habari, wanaume wanataka mpira, lakini vijana wanangoja muziki. Wimbo ukianza tu, mmoja anasimama, anafuata hatua za wachezaji, na wenzake wanampigia makofi. Halafu papa anaingia kutoka kazini na kuuliza kwa sauti: "Wewe! Kucheza iko kazi gani? Daftari yako iko wapi?"

Swali la papa si baya. Kule Kalima, Kailo, Punia ao Namoya, mzazi anaamka mbele ya jua kutafuta kasiterite ao dhahabu ili mtoto asome. Hapendi kuona mtoto anapoteza siku. Lakini swali la kijana pia si baya: "Kama nimepewa mwili unaosikia ngoma kuliko wengine, niufanyie nini?"

Tusijibu kwa hasira, tena tusijibu kwa ndoto. Tuangalie maisha ya mtu mmoja wa kweli, mwanamke Mwafrika aliyeanza kucheza akiwa mtoto, akawa bingwa wa mashindano, kisha akawa mtu wa televizyo anayejulikana na mamilioni ya watu. Ukiisha kusoma, utajibu mwenyewe.

NYUMBA YA WASICHANA WATATU

Jina lake kamili ni Otlile Mabuse, lakini watu wanamwita Oti. Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1990 kule Pretoria, Afrika Kusini. Mwaka ule nchi yake ilikuwa inageuka. Mwezi wa Februari Nelson Mandela alitoka gerezani nyuma ya miaka 27. Mwezi wa Oktoba ikaondolewa sheria ya 1953 iliyowatenga weusi na weupe katika bustani, katika mabasi na pahali pengine pa watu wote. Wazazi wa Oti walikuwa wamekomaa chini ya sheria za namna hiyo. Dada yake mkubwa, Motsi, alizaliwa 1981 kule Mankwe, katika Bophuthatswana, moja ya sehemu ambazo serikali ya wazungu iliwatengea watu weusi ili wasihesabiwe tena kuwa raia wa Afrika Kusini.

Papa yao alikuwa mwanasheria. Mama yao, Mama Dudu, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Wasichana wao watatu, Motsi, Phemelo na Oti, wote walicheza dansi. Mama Dudu alikuwa na wazo ambalo mama wengi wa Maniema watalielewa bila kufafanuliwa: mtoto akitoka shule na hana kitu cha kufanya mpaka usiku, barabara itamfundisha. Kwa hiyo watoto wakaingizwa katika dansi. Oti alianza mbele ya kufika umri wa shule ya msingi.

Hapa kijana ataniambia: "Basi, walikuwa matajiri." Sivyo hasa. Walikuwa na wazazi waliosoma, ndiyo, na hilo lilisaidia. Lakini dansi ya mashindano inakula feza: viatu, nguo, safari, kulipa mwalimu. Tena katika miaka ile mtoto mweusi aliyeingia ukumbi wa mashindano aliwakuta waamuzi na wacheza dansi wengi weupe, wengine wakimwangalia kama mgeni katika nchi yake mwenyewe. Familia ilisimama pamoja naye. Bila familia, kipaji kile kingeishia uwanjani nyuma ya nyumba.

DANSI HII NI YA NAMNA GANI?

Usifikiri ni ile ya kila mtu kujitikisa anavyotaka. Dansi ya ukumbini inachezwa na watu wawili, mwanaume na mwanamke, wakishikana kwa namna iliyowekwa, wakifuata hatua zinazojulikana. Katika mashindano ya kimataifa ziko dansi kumi, zimegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni valsi, tango, valsi ya Vienna, fokstroti na kwikstepi. Fungu la pili linaitwa la Kilatini: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jaivi. Oti ni mtu wa fungu hili la pili.

Msomaji wa Kongo, umesikia jina la rumba, umetabasamu. Una haki. Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba walibeba ngoma zao. Kule zikachanganyika na gitaa za Wahispania. Katika miaka ya 1930 sahani za muziki wa Cuba zikavuka bahari tena na kufika kwetu, na watu wa Léopoldville wakasikia kitu walichokifahamu tayari. Ndivyo ilivyozaliwa rumba ya Kongo. Mwaka wa 1960 Joseph Kabasele na African Jazz waliimba "Indépendance Cha Cha", na uhuru wetu ukachezwa kwa hatua za cha-cha-cha. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, kwa ajili ya Kinshasa na Brazzaville pamoja, katika orodha ya urithi wa watu wote. Ile ya Cuba ilikuwa imeandikwa tangu 2016.

Njia nyingine ya rumba ilipita Ulaya. Mwalimu mmoja Mfaransa aliyeishi London, aliyejulikana kama Monsieur Pierre, alisafiri mpaka Havana, akaangalia namna watu wanavyocheza, akarudi kuweka hatua zile katika sheria za kufundishia. Rumba ya mashindano ni mtoto wa njia ile. Inakwenda polepole. Mchezaji anakanyaga kwenye hesabu ya pili, ya tatu na ya nne, na kwenye ya kwanza mguu unatulia, kiuno ndicho kinachomaliza kazi. Ukiangalia unasema ni rahisi. Jaribu: mguu unyooke, uzito uhame wote, mabega yasipande, na uso usionyeshe kwamba unahesabu. Utatoka jasho mbele ya wimbo kuisha.

Namna ya kuhukumu nayo ni ngumu. Wawili wawili wengi wanaingia ukumbini kwa mara moja, kila mwanaume na namba mgongoni. Waamuzi wanasimama pembeni na karatasi. Hawana nafasi ya kukusikiliza. Wanapiga alama kwa wale wanaotaka kuwaona tena, wengine wanakwenda nyumbani. Wanaobaki wanarudi, wanachujwa tena, mpaka mara nyingi wanabaki wawili wawili sita kwa fainali. Kila dansi inachukua dakika moja na nusu hivi, na mchezaji wa Kilatini anazipiga zote tano moja nyuma ya nyingine. Mchimbaji anayesoma hapa anaelewa: ni kama kuosha mchanga mtoni. Unamwaga ndoo baada ya ndoo ili kupata kidogo kinachong'aa.

Oti alioshwa katika maji hayo tangu utoto. Akawa bingwa wa Afrika Kusini katika dansi za Kilatini mara nane. Soma tena, kijana: mara nane. Mtu anaweza kushinda mara moja kwa bahati. Mara nane ni kuamka mapema wakati wenzako wamelala, mwaka kwa mwaka.

Tena usifikiri dansi na mgodi ni vitu viwili visivyojuana. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, wafanyakazi weusi waliovaa mabuti ya mpira walitunga ngoma ya kupiga mabuti yale kwa viganja, na ngoma ile leo inachezwa kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Na mwenzake Oti katika televizyo, Johannes Radebe, alikulia Zamdela, mtaa wa weusi kule Sasolburg, mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta. Naye alianza mtoto, akawa bingwa wa nchi, akafika London.

DAFTARI HAIKUTUPWA

Sasa papa, sikiliza sehemu hii. Oti aliingia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane kusomea uenjenieri wa ujenzi, kazi ya watu wanaopima barabara na madaraja. Mchana hesabu, jioni dansi. Phemelo naye alisomea uenjenieri, ule wa mashine. Motsi alianza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Pretoria, akitaka kufuata njia ya baba.

Ni kweli kwamba mwishoni Motsi aliacha sheria, na Oti hakujenga daraja. Lakini usiseme masomo yalipotea. Mtu aliyejifunza kugawa mzigo juu ya nguzo anajua namna uzito unavyokaa juu ya mguu. Mtu aliyezoea kumaliza hesabu ngumu usiku hashindwi kupanga hatua za dansi mpya kwa wiki moja. Tena siku goti likikataa, na magoti ya wachezaji hukataa mapema, mwenye masomo ana mlango mwingine.

UGENI WA UJERUMANI

Motsi ndiye aliyefungua njia. Akiwa na miaka 18 hivi aliondoka Afrika Kusini, akaenda Ujerumani kwa ajili ya dansi. Lugha hakuijua, watu hakuwajua. Akashindana, akafundisha, na 2007 akaonekana katika televizyo ya Ujerumani kwenye programu inayoitwa "Let's Dance". Mwaka wa 2011 wakamkalisha kwenye kiti cha waamuzi wa programu ile ile.

Oti alimfuata akiwa na miaka zaidi ya ishirini. Fikiri kidogo: bingwa wa nchi yako mara nane, unafika pahali ambapo hakuna anayekujua, unaanza tena chini. Huko ndiko alikompata Marius Iepure, mcheza dansi kutoka Romania, ambaye alikuwa mwenzake ukumbini na baadaye mume wake. Mwaka wa 2014 Oti alipata nafasi ya pili katika mashindano ya Ulaya ya Kilatini. Mwaka uliofuata naye akaingia "Let's Dance" kama mcheza dansi.

Waswahili wanasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Oti aliinama mara mbili, kwanza Pretoria, kisha Ujerumani.

KAZI MPYA: KUMFUNDISHA ASIYEJUA

Mwaka ule ule wa 2015 BBC ya Uingereza ikamwita katika "Strictly Come Dancing". Programu hii ilianza 2004, na mtindo wake umeuzwa katika nchi nyingi. Inakwenda hivi: wanachukuliwa watu wanaojulikana kwa mambo mengine, kama wanamichezo, waigizaji, wachekeshaji na watangazaji wa habari. Kila mmoja anapewa mcheza dansi wa kazi. Kila wiki wanajifunza dansi moja mpya, na Jumamosi wanaicheza moja kwa moja mbele ya watu wote. Waamuzi wanne wanatoa alama, kila mmoja mpaka 10, kwa hiyo alama ya juu kabisa ni 40. Watazamaji nao wanapiga kura. Wenye hesabu ndogo wanaingia katika hatari, na mmoja anatoka.

Umeona namna kazi ilivyogeuka? Katika mashindano Oti alicheza na mtu mwenye ujuzi kama wake, na waamuzi walimwangalia yeye. Katika televizyo alipaswa kumchukua mtu asiyejua mguu wa kulia na wa kushoto, ampangie hatua anazoweza, amfundishe, amtie moyo, kisha asimame pembeni yake na kumwacha yule aonekane. Bingwa asiyejua kufundisha anashindwa hapa. Kuna wachezaji wazuri sana waliorudi nyumbani haraka kwa sababu walipanga hatua za kujionyesha wenyewe.

Mwaka wa kwanza Oti alipewa mpiga ngumi, Anthony Ogogo. Walitolewa mapema. Hakununa. Mwaka wa 2016 alipewa mwigizaji Danny Mac, na samba yao ikapata 40 kwa 40. Walifika fainali, hawakuchukua kikombe.

Mwaka wa 2017 ndio napenda uukumbuke zaidi, msomaji. Alipewa Jonnie Peacock, mkimbiaji wa Uingereza. Alipokuwa na miaka mitano Jonnie aliugua ugonjwa wa uti wa mgongo, na madaktari wakamkata mguu wa kulia chini ya goti ili aishi. Alikua, akajifunza kukimbia kwa mguu wa kubandikwa, akapata medali ya dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Walemavu kule London 2012 na tena Rio 2016. Katika "Strictly" alikuwa mtu wa kwanza aliyekatwa mguu kushindana. Sasa Oti afanye nini? Hatua zote alizozijua ziliandikwa kwa watu wenye vifundo viwili vya miguu. Mguu wa kubandikwa hausukumi sakafu kama nyama na mfupa. Ilimlazimu apange dansi upya kutoka chini, hatua kwa hatua, pamoja na Jonnie. Hawakushinda, lakini waliendelea wiki nyingi, na watu wengi waliokuwa wakifikiri kiwete hachezi walifunga mdomo.

Katika kijiji chetu pia wako watu waliopoteza mguu, kwa vita, kwa mgodi ulioanguka, kwa ugonjwa. Tunawaita kwenye sherehe, kisha tunawapa kiti pembeni. Habari ya Jonnie na Oti itusumbue kidogo.

VIKOMBE VIWILI

Mwaka wa 2019 mwanaume mmoja kati ya washindani aliumia mguu mbele ya mashindano kuanza. Haraka haraka wakamtafuta mwingine wa kujaza nafasi: mwigizaji Kelvin Fletcher. Akakabidhiwa Oti. Wiki ya kwanza tu samba yao ilishangaza nchi. Tarehe 14 Desemba 2019 wakachukua kikombe. Aliyeitwa kujaza pengo akawa wa kwanza.

Mwaka wa 2020 corona ilifunga dunia. Programu ilifupishwa, na ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Oti alipewa Bill Bailey, mchekeshaji wa miaka 55, mwenye nywele ndefu nyuma na upara mbele. Watu walicheka mbele ya kumwona akicheza. Walifikiri amepewa nafasi ya kuchekesha wiki mbili kisha arudi nyumbani. Oti hakumgeuza kuwa kichekesho. Alimfundisha kweli, kama anavyofundishwa kijana. Tarehe 19 Desemba Bill alishinda, akawa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika programu ile. Na Oti akawa mcheza dansi wa kwanza kushinda miaka miwili mfululizo.

DADA AKIWA MWAMUZI

Kulikuwa na neno, na tusilifiche. Mwaka ule wa 2019 Motsi aliitwa kutoka Ujerumani awe mmoja wa waamuzi wa "Strictly". Kwa hiyo dada mkubwa alikaa kwenye kiti cha kutoa alama, na mdogo akacheza mbele yake. Mdogo akashinda, mara mbili! Wako watu walionung'unika: je, hiyo ni haki?

Swali lile ni la haki, hata kwetu tungeliuliza. Lakini angalia namna mambo yalivyopangwa. Motsi hakuwa mwamuzi peke yake. Na katika fainali alama za waamuzi ni za kuonyesha tu, mshindi anachaguliwa kwa kura za watu peke yake. Vikombe vyote viwili vilitoka mikononi mwa watazamaji. Hata hivyo ndugu wawili walilazimika kuishi chini ya macho ya watu kila Jumamosi, mmoja akipima, mwingine akipimwa. Familia yenye wivu ingevunjika. Wao walibaki dada.

KUJUA SAA YA KUONDOKA

Mwezi wa Februari 2022 Oti alitangaza kwamba anaacha "Strictly". Alikuwa na miaka 31, alikuwa juu. Wengi hawawezi, wanangoja mpaka wafukuzwe. Tangu hapo kazi yake imepanuka. Mwaka ule ule akawa mwamuzi wa programu ya kucheza juu ya barafu, "Dancing on Ice", na akabaki kwenye kiti kile mpaka 2025. Ameongoza programu, amezunguka Uingereza na maonyesho yake mwenyewe, ameandika kitabu cha watoto. Mbele ya hapo, 2019, alikuwa ametunga dansi za mchezo wa kuigiza wa muziki kule London. Mwaka wa 2022 alirudi Afrika Kusini na kamera za BBC kuwaonyesha watu nchi iliyomzaa na maisha waliyoishi wazazi wake.

Si kila kitu kilikuwa makofi. Mwaka wa 2023 alijifungua binti, na mtoto alizaliwa mbele ya siku zake, akabaki hospitalini kwa wiki kadhaa. Mwaka wa 2024, akiwa katika programu moja ya televizyo iliyopigwa msituni, Oti alisimulia habari ile mbele ya nchi nzima, akilia. Mama wengi waliotazama walikuwa wamepita pale pale. Wewe mama uliyewahi kubeba mtoto mdogo kama kiganja kifuani, unajua maana yake.

NENO KWA KIJANA

Turudi kwa swali la papa. Kucheza ni kazi? Kwa Oti, ndiyo. Lakini hesabu miaka. Alianza mtoto mdogo, akaingia televizyo akiwa na miaka 24. Katikati kuna miaka karibu 20 ambayo hakuna kamera iliyoiona. Televizyo haikumpa kitu cha kuonyesha, ilimkuta nacho. Unayetaka kuanzia mwisho utakuwa kama mtu anayetaka jiwe lenye madini bila kushuka shimoni.

Tena jiulize: ninaweza kumfundisha mwingine? Kama katika kwaya yenu ao shuleni uko hodari wa hatua, mchukue yule anayekanyaga vibaya, umkae naye mwezi mmoja mpaka aweze. Ukikosa uvumilivu, ujue bado. Kilichompatia Oti vikombe vyake viwili vya televizyo ni mchekeshaji wa miaka 55 na mwigizaji wa kujaza pengo.

Na daftari isitupwe. Wengi wanaocheza vizuri hawatafika London, wala Kinshasa. Hilo si laana, ni hesabu tu. Mwenye masomo anaweza kucheza maisha yake yote kwa furaha na bado akala.

NENO KWA MZAZI

Papa, mama, ukizima televizyo kwa hasira, umezima kitu kimoja tu. Ngoma iliyo ndani ya mtoto haizimwi hivyo. Fanya kama Mama Dudu: iwekee saa, iwekee mwalimu, iwekee sheria. Shule kwanza, kisha mazoezi, kisha nyumbani mbele ya giza.

Lakini uwe na macho. Mtu akija kwako na kusema, "Mpe binti yako, nitampeleka mjini, atakuwa mcheza dansi wa televizyo," muulize maneno haya: Wewe ni nani, na nani anakujua hapa? Mazoezi yanafanyika wapi, saa ngapi? Nani mama mwingine atakuwa pale? Juu ya nini mazoezi ni usiku? Nani analipa, na anataka nini kwa malipo yake? Mwalimu wa kweli hakasirikii maswali hayo. Atakukaribisha uje uangalie. Yule anayesema "mambo haya ni ya siri", ao anayetaka mtoto aondoke bila wazazi kujua, usimpe mtoto hata kwa siku moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu ni nani mwenye kipaji ambacho hatujakiwekea saa wala mwalimu?

2. Bill Bailey alichekwa mbele ya kucheza. Sisi tunamcheka nani kabla hajajaribu?

3. Kama ungekuwa Motsi, dada yako akacheza vibaya mbele yako na watu wote wanakuangalia, ungempa alama ngapi kati ya 10?

Swali la tatu waulize watoto kwanza, wakubwa wajibu nyuma. Utasikia mengi.